Kipara wa Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mgeni alifagia nywele za watu.

Baba yake alikuwa kinyozi, nao wawili waliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya saluni, kimetenganishwa nayo kwa pazia tu. Jioni baba alifunga akiwa hoi, akiahidi kwamba kesho atafagia mwenyewe. Kesho ilipofika, mwenye kushika ufagio alikuwa ni yuleyule. Lakini Mgeni hakulalamika. Kule kufagia kulimpa watu wa kukaa nao, ijapokuwa watu wenyewe walikuwa wameshakwenda zao. Alizijua nywele zao. Zile nyeupe, nyembamba, zilizong'ang'ania ufagio, zilikuwa za fundi saa. Zile ngumu zilizojikunja kama springi ya kalamu zilikuwa za fundi wa matairi. Na zile laini zisizo na uzito, za kupeperuka ukipumua tu, zilikuwa za mtoto aliyenyolewa kwa mara ya kwanza akalia mpaka mtaa wa pili wakauliza kuna nini.

"Shikamoo, fundi saa," Mgeni aliziambia nywele nyeupe.

"Marahaba, binti yangu," akajijibu mwenyewe kwa sauti nzito, kisha akamzoa fundi saa kwa koleo na kumtia kwenye pipa.

Walikuwa wamehamia mji huo mwanzoni mwa mwaka. Mama alibaki kule walikotoka, anamuuguza bibi. Jumapili alipiga simu, na simu hiyo ilikuwa na tabia ya kukatika kila alipofika kwenye neno zuri. Shuleni, siku ya kwanza, mtu mmoja aliuliza, "Yule mgeni anaitwa nani?" na kabla hajajibiwa kengele ikalia. Basi likabaki hilohilo. Muhula wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, yeye bado ni Mgeni. Mkaguzi wa shule alikuja, akakagua, akanywa chai, akaaga. Hata yeye ugeni wake uliisha.

Wakati wa mapumziko wenzake walipokaa makundi makundi kivulini, Mgeni alitembea kando ya uzio wa shule akigusa majani. Hakuwa akitafuta kitu. Mikono tu ilitaka kazi.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliingia darasani na fungu la magugu kwapani. Alikuwa mwanamke mrefu, na viatu vyake vililia kwi-kwi-kwi, hivyo wanafunzi wake walikuwa na adabu nzuri kila mara alipofika mlangoni.

"Mtu akikuletea mmea wa porini," alisema, "hauna ua, hauna tunda, ni jani na shina tu. Utautambuaje?"

"Nitauuliza jina lake, Mwalimu," akasema mvulana mmoja wa nyuma.

"Usipojibu?"

"Nitauita Mgeni."

Darasa likacheka. Mgeni naye akacheka, maana kutocheka kungekuwa kubaya zaidi.

Mwalimu hakucheka. Alimtazama yule mvulana mpaka akakumbuka kwamba ana kitabu cha kusoma. Kisha akawapitishia majani mkono kwa mkono. "Msitazame tu. Papaseni. Mimea mingi ina nywele, na nywele hizo ni kitambulisho chake. Hili ni laini kama malaika, vile vinyweleo vya mkono wa mtoto mchanga. Hili linakwaruza kama msasa. Hili lina nywele zenye vitone vya gundi kwenye ncha, linanata. Kuna mimea miwili yenye majani ya umbo moja, rangi moja, urefu mmoja, na kinachoitofautisha ni kwamba mmoja una nywele na mwingine hauna."

Angependa waziangalie nywele hizo kwa lenzi, lakini lenzi ya shule ilivunjika zamani. Mpya iliombwa, na kuomba kulikuwa bado kunaendelea.

Kazi ikatolewa. Kila kundi lilete mimea ya porini kutoka mitaani, iliyo hai, ndani ya makopo yenye udongo, ipangwe dirishani. Kundi lililovuma zaidi lilikuwa la msichana aliyeitwa Redio. Jina hilo halihitaji maelezo. Redio na wenzake wanne walijaza nusu ya dirisha, na kila mmea wakaupa jina. Ule wenye kunata walimwita Gundi. Ule wenye majani ya kukwaruza, Msasa. Na ule wenye nywele nyingi nyeupe kuanzia shinani mpaka ncha za majani walimwita Babu.

Mgeni hakuwa na kundi. Alijizungusha kidogo, akamwendea Redio.

"Naomba niingie kwenu."

"Tumejaa," akasema Redio.

"Mko watano. Wale wengine wako sita."

"Wale ni wembamba." Redio aliwatazama wenzake, wakaguna, naye akafikiri. "Sikiliza. Lete mmea ambao hapa dirishani haupo. Ukileta, umeingia. Sisi si watu wabaya."

Jumamosi Mgeni alizunguka tangu asubuhi. Alipita nyuma ya ghala, kando ya mtaro, kwenye kiwanja kilichojaa matofali yaliyovunjika. Aliukuta mchicha pori, dirishani ulikuwepo. Alikikuta kishona nguo. Kilikuwepo, na vimbegu vyake vikaifuata sketi yake mpaka nyumbani. Alimkuta Gundi, alimkuta Msasa. Na nyuma ya saluni yao, pale maji ya kuoshea vichwa yalipomwagika, alimkuta Babu, familia nzima, wakubwa kwa wadogo, wamesimama na ndevu zao.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwatazama. Angeingiaje kwa Redio mikono mitupu?

Kupitia dirisha dogo la saluni aliwaona wateja. Fundi bomba, mwenye ndevu za kufika kifuani, alikuwa amekuja na kitoto chake cha kiume. Baba alinyoa, akafuta, akampaka poda. Fundi bomba aliposimama, kile kitoto kilimkodolea macho, kikarudi nyuma, kikamshika baba kinyozi suruali.

"Huyu simtaki," kikasema. "Nataka baba."

Watu wazima wakacheka mpaka fundi bomba mwenyewe akafuta machozi. Mgeni hakucheka. Aligeuza kichwa taratibu akamtazama Babu.

Baba alipokwenda kumsindikiza mteja, Mgeni alichukua wembe mpya mmoja kutoka kwenye pakiti. Alijua kwamba haruhusiwi, na alijua kwa nini: wembe hauna rafiki. Akachimbua mmea mmoja mchanga, akaupanda koponi, akajificha chumbani nyuma ya pazia. Alilinyoosha jani juu ya kidole kama baba anavyovuta shavu la mzee lisijikunje, akaupitisha wembe polepole. Nywele zikadondoka kama vumbi. Jani la kwanza lilikatika. La pili likatoka safi. Alinyoa majani yote, juu na chini, akanyoa na shina, akapangusa kwa brashi laini. Mkono ukaiendea hata chupa ya spiriti, kwa mazoea, kisha akauzuia. Mteja hakuwa amelalamika.

Jumatatu kundi zima liliinama juu ya kopo lake.

"Jani linafanana na la Babu," alisema mmoja.

"Babu ana nywele," akasema Redio. "Huyu hana hata moja. Papasa. Huyu ni Kipara."

Mwalimu naye alipapasa, akakunja uso kidogo. "Huenda ni ndugu yake Babu. Sijui bado, na sitajifanya najua. Tumwache akue, atoe ua, atatuambia mwenyewe."

Basi Mgeni akaingia. Wakati wa mapumziko alikuwa na mahali pa kukaa. Redio alimgawia karanga na habari: nani kagombana na nani, nani kapata sifuri akadai ni herufi. Mgeni alisikiliza kama mtu anayeota moto. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Alipokuwa akitembea peke yake kando ya uzio, alikuwa mpweke mpaka kengele ilipolia. Sasa alikaa katikati ya watu, mabega yakigusana, na upweke haukwisha hata kengele ilipolia. Alikwenda nao nyumbani. Kila Redio alipomwambia siri, Mgeni aliona kwamba yeye hawezi kumrudishia yake.

Tena Kipara hakutulia. Jani lililonyolewa lilibaki bila nywele, lakini jani jipya lilichipua na ndevu zake kamili, kana kwamba halikupewa taarifa. Ikabidi Mgeni awahi shule, darasa likiwa tupu, viti vikiwa bado vimepandishwa juu ya meza. Mlinzi alimfungulia geti akipiga miayo.

"Binti, wewe masomo unayapenda," alimwambia.

"Ndiyo, mzee," akasema Mgeni, na wembe uko ndani ya mkebe wa hisabati, umefungwa kwa karatasi.

Akanyoa. Keshokutwa akanyoa tena. Hakuna aliyekuwa mpweke katika shule ile kama msichana aliyesimama dirishani asubuhi, akiunyoa mmea huku akitega sikio mlangoni.

Kisha Kipara akaanza kuumwa. Majani yalikauka kingo, yakawa kahawia kama karatasi iliyopita karibu na moto. Chini ya majani wakajaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu, wamebanana kama watu kwenye foleni. Babu alikuwa kwenye kopo la pembeni, na kwake hakutua hata mmoja.

"Yuko peke yake," Redio alisema kwa huzuni. "Babu ana Babu mwenzake hapo. Gundi wako watatu. Kipara hana mtu. Ningekuwa mimi ningeumwa pia. Jumamosi twende tukamtafutie ndugu."

"Hakuna ndugu," Mgeni akasema haraka.

"Umejuaje?"

"Nimetafuta."

"Umetafuta peke yako. Tukienda wawili tutaona zaidi."

"Jumamosi namsaidia baba."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na uongo wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza; ndiyo ubaya wake. Jumamosi baba wala hakumhitaji. Mgeni alishinda kitandani, anatazama pazia.

Jumatatu Redio hakuja shule. Jumanne alikuja, mikono imevimba kutoka viganjani mpaka kwenye viwiko, imepakwa dawa nyeupe. Alikuwa ameingia peke yake kwenye kichaka kilicho nyuma ya ghala, akapita ndani ya upupu. Maganda ya upupu yana nywele pia, fupi, za rangi ya kahawia, na zikikuingia ngozini utajikuna mpaka usahau jina lako.

"Mama alinifunga mikono kwa kitambaa ili nisijikune," alieleza, akionyesha mikwaruzo. "Sikulala. Na Kipara mwenzake sikumpata. Lakini sikufika ndani kabisa. Jumamosi hii naenda upande wa pili."

Mgeni aliitazama ile mikono. Aliwaza: nikinyamaza, atakwenda. Nikisema, nitarudi kwenye uzio. Akaitazama tena ile mikono.

"Usiende," alisema.

"Kwa nini?"

"Huko hakuna kitu. Kipara ni Babu."

"Babu gani?"

"Babu huyu hapa. Nilimnyoa."

Mmoja wa kundi alianza kucheka, akaona Redio hacheki, akakimeza kicheko chake nusu. Redio alimpapasa Kipara. Kisha akalipindua jani changa ambalo asubuhi ile Mgeni hakuwahi kulinyoa, na nywele nyeupe zikaonekana wazi.

"Nisamehe," Mgeni akasema. "Nilitaka mnipokee."

Redio, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza hata kwenye mtihani, alinyamaza. Akakusanya vitabu vyake kwa viwiko, maana vidole vilikuwa vinamuuma, akahamia kiti cha mbele.

Mgeni alikwenda mwenyewe kwa mwalimu na kumpa wembe uliofungwa kwenye karatasi. Mwalimu aliupokea kwanza, akauweka mbali.

"Umejikata?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ni bahati, wala si akili. Kisa hiki utalieleza darasa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitasimama karibu."

Akaeleza. Kulikuwa na kicheko, kisha kikaisha. Yule mvulana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, Kipara tumtupe?"

"Hatupwi. Atabaki hapo, na hatanyolewa tena. Hebu mnijibu: kwa nini vidukari walimvamia Kipara, wakamwacha Babu?"

"Babu anatisha."

"Umekaribia. Mdudu mdogo akitua kwenye nywele hizi ni kama wewe umetupwa kwenye majani marefu kuliko kichwa chako. Hapati pa kukanyaga, na mdomo wake haulifikii jani. Tena nywele zinapunguza jua kali na upepo, jani lisikauke upesi. Ukizinyoa umeuvua mmea nguo na ngao kwa pamoja." Akamtazama Redio. "Na upupu unatumia nywele zake kusema, mniache. Wengine tumesikia."

Redio alitabasamu kidogo, akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mgeni alirudi kwenye uzio, na safari hii uzio ulikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa alikwisha kuzijua karanga za watu. Nyumbani alimweleza baba kila kitu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akahamishia pakiti ya nyembe kwenye rafu ya juu. Hilo lilimtesa kuliko kugombezwa.

Darasani Kipara alitoa jani moja, kisha jingine, yote yana nywele. Kila asubuhi Mgeni aliingia pamoja na wengine, akayatazama, mikono akiwa ameiweka nyuma.

Jumamosi moja Redio alitokea mlangoni pa saluni, amemshika mdogo wake mkono.

"Nimemleta huyu anyolewe," alimwambia Mgeni. "Sikuja kwako."

"Sawa."

Mdogo akapandishwa kitini, akafungwa kitambaa shingoni. Redio akakaa kwenye benchi, akatazama ukuta, akatazama dari. Kunyamaza kulikuwa kunamuwasha kuliko upupu.

"Ulimnyoaje?" akauliza hatimaye. "Jani lenyewe jembamba hivi. Mimi ningelikata."

"Nililikata la kwanza."

"Ulimpaka na sabuni?"

"Nilitaka kumpaka spiriti."

Redio alijaribu kukizuia kicheko kikapitia puani. Kisha akaacha mzaha. "Ungekuja tu bila mmea."

"Mngenipokea?"

Redio alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema. "Hilo ni kosa letu. Nilimuuliza mama, nilitumaini atasema kosa ni lako peke yako. Akasema nusu ni letu."

Baba kinyozi alizima mashine. Hakugeuka, alizungumza akiwatazama kupitia kioo.

"Wanangu, mimi nimenyoa vichwa tangu ujana wangu. Mtu anaingia hapa na ndevu, anatoka hana. Sijaona hata mmoja aliyetoka akawa mtu mwingine. Baada ya siku chache anarudi, na zimeota zilezile. Ukijinyoa ulivyo ili watu wakukubali, itakubidi ujinyoe kila asubuhi, na hutapata siku ya kupumzika. Bora umwendee mtu na ukweli wako. Akikukataa, umejua. Akikukubali, utalala usingizi." Akampulizia mdogo wa Redio nywele shingoni. "Na wewe, binti, anayekuja mlangoni kwenu hajaleta kitu, mwambieni aketi kwanza. Mmea mtautafuta pamoja. Mngekuwa pamoja, mikono yako isingevimba."

"Ndiyo, baba," Redio akasema.

Mdogo alipokwisha kunyolewa, alijipapasa kichwa akatangaza kwamba kuna baridi. Redio akamshika mkono, akafika mlangoni, akasimama.

"Jumatatu utakaa wapi?"

"Palepale kando ya uzio."

"Kaa na sisi. Lakini mmoja wetu bado ana hasira na wewe. Atakununia mpaka Jumatano hivi. Mvumilie."

Alinuna mpaka Ijumaa. Mgeni hakujali. Katika mihula miwili aliyokaa pale hakuna aliyewahi kumnunia. Kwani mtu humnunia yule tu anayemwona.